EDDIE AIKAU: Kipa wa Waimea aliyechukuliwa na bahari

Shabiki wa soka akisikia mechi imeahirishwa kwa sababu ya mvua, ananuna. Uwanja umejaa maji, mwamuzi anaudondosha mpira uone kama utadunda, unakaa palepale kama kifurushi, basi, watu wanarudi nyumbani na jezi zao.

Kule Hawaii kuna mashindano ambayo mambo yake ni kinyume kabisa. Bahari ikiwa shwari ndipo yanaahirishwa. Yanasubiri dhoruba, na dhoruba yenyewe isipokuwa ya kutosha, wachezaji wanaambiwa kiroho safi warudi makwao mpaka msimu ujao. Baada ya kufanyika Desemba 2009, yalikaa mpaka Februari 2016. Baada ya hapo yakalala tena hadi Januari 2023. Hebu fikiria fainali ya kombe inayosubiriwa karibu miaka saba na hakuna anayemlaumu mwandaaji.

Ni mashindano ya kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Yanafanyika Waimea, ghuba ndogo upande wa kaskazini wa kisiwa cha Oahu, na yanaitwa kwa jina la Eddie Aikau. Ukitaka kujua kwa nini hayana tarehe, inabidi umjue huyo Eddie, na uujue usiku mmoja wa Machi 1978 ambao ratiba iliushinda utabiri wa hali ya hewa.

MTOTO WA MAKABURINI

Edward Ryon Makuahanai Aikau alizaliwa Mei 4, 1946, Kahului, kisiwani Maui. Ni wa tatu katika familia ya watoto sita. Kuteleza alianza kujifunza palepale bandarini Kahului, akiwa bado mdogo.

Mwaka 1959, ule ule ambao Hawaii ilifanywa jimbo la Marekani, familia ilihamia Oahu. Hawakuwa na fedha. Baba yao, Solomon, alipata kazi ya kutunza makaburi ya Wachina katika bonde la Pauoa, jirani na Honolulu, na kwa kazi hiyo wakapata mahali pa kuishi, humo humo makaburini. Watoto ndiyo walikuwa wanafyeka nyasi na kufagia. Kwa watu wengi hapo ni mahali pa kupita haraka jioni, lakini kwa Aikau pakawa nyumbani, pa kupiga magitaa na kukaribisha wageni.

Eddie aliacha shule akiwa na miaka 16 na kuingia kiwanda cha kusindika mananasi. Mshahara wa mananasi ndio uliomnunulia ubao wake wa kwanza. Kuanzia hapo ratiba ya maisha yake ikawa kiwandani, baharini, makaburini, kisha inarudi mwanzo.

BAHARI YENYEWE SI MCHEZO

Ukienda Waimea wakati wa kiangazi cha huko, utashangaa watu wanaogopa nini. Maji yametulia kama bwawa. Watoto wanapanda juu ya jabali lililoko ufukweni na kurukia majini kwa vicheko.

Shida inakuja kuanzia Novemba. Mbali kabisa kaskazini, baharini kati ya Japani na visiwa vya Aleutian, dhoruba za baridi zinapiga siku kadhaa mfululizo. Upepo unasukuma maji, na mawimbi yanaanza safari ya maelfu ya kilomita kwenda kusini. Njiani yanajipanga. Yale marefu yenye nguvu yanatangulia, yale mafupi yanaachwa nyuma, kama wakimbiaji wa mbio ndefu. Yanapofika Hawaii baada ya siku mbili, tatu au zaidi, dhoruba yenyewe haionekani. Jua linaweza kuwa linawaka na mbingu haina hata wingu. Mgeni aliyetoka hotelini anaangalia juu, anaona siku nzuri, anavua viatu. Hapo ndipo anapokwisha.

Wenyeji wanaangalia kingine. Wanahesabu sekunde kati ya wimbi na wimbi. Sekunde nane au kumi, huo ni upepo wa jirani tu. Zikifika 17, 18, 20, jua kuna mzigo umetoka mbali. Halafu wanaangalia unatokea upande gani, kwa sababu Waimea inapenda mawimbi ya kaskazini-magharibi. Wanaangalia na upepo. Ukitoka nchi kavu kwenda baharini, unalishika wimbi likasimama wima na uso wake ukawa laini. Ukitoka baharini, unalivuruga na kuligeuza fujo.

Na Waimea ina kiburi chake. Ghuba ina kina kirefu, kwa hiyo mawimbi ya kawaida yanapita pale kwenye ncha ya miamba bila hata kuvunjika vizuri. Inaamka pale ambapo fukwe nyingine za jirani zimeshashindwa, bahari imegeuka povu tupu kuanzia kushoto hadi kulia. Kipimo cha mashindano ya Eddie ni futi 20 kwa hesabu ya Kihawaii, ambayo inalipima wimbi kwa mgongoni. Ukilitazama kwa mbele, uso wake unafika futi 40, yaani mita 12. Goli la mpira lina urefu wa mita 2.44. Panga magoli matano, moja juu ya jingine, halafu uambiwe hilo linakuja kukuangukia.

Mawimbi hayo hayaji mfululizo. Yanakuja kwa mafungu, kisha bahari inatulia dakika kadhaa. Utulivu huo ndio mtego. Watu wanaingia wakidhani mambo yamekwisha, fungu jingine linawakuta katikati, na maji yaliyosukumwa ufukweni yanatafuta njia ya kutoka kwa kasi, yanawachukua nao mpaka nje ya ghuba.

KUTOKA KIWANDANI HADI MNARANI

Novemba 19, 1967 bahari ilivimba ile mbaya. Miongoni mwa walioingia Waimea siku hiyo alikuwemo kijana wa miaka 21 ambaye wengi hawakuwa wakimjua. Eddie alishuka kwenye mawimbi makubwa kuliko yote aliyokuwa ameyaona, kaptura yake nyeupe yenye mistari myekundu ikionekana toka mbali, magoti yamekunjwa, miguu ameipanua, hana papara. Siku hiyo moja ilitosha. Wakubwa wa mchezo walijua kuna mtu amefika.

Mwaka uliofuata, 1968, halmashauri ya Honolulu ilimwajiri kuwa mwokoaji wa ufukweni, wa kwanza kupewa kazi hiyo katika pwani ile ya kaskazini. Waimea ikawa kituo chake.

Hapa ndipo wengi wanaomwandika Eddie wanapokimbia, wanataka kufika kwenye mikombe na picha za mawimbi. Ni makosa. Kazi ya mnarani ndiyo iliyomfanya Eddie kuwa Eddie.

Wakati ule hakukuwa na pikipiki za majini zinazotumika siku hizi kwenda kumchomoa mtu katikati ya povu. Mwokoaji alikuwa na macho yake, ubao wake, mapezi ya kuvaa miguuni na pumzi. Alifika asubuhi, akasoma bahari, akajua leo mkondo unatokea wapi, mafungu yanapishana kwa muda gani, na nani kati ya wale waliotandika taulo atamletea kesi. Kipa mzuri humwoni akiruka ruka kila dakika. Amejipanga mapema, mpira unamkuta mikononi. Na Eddie, kabla mgeni hajalowesha magoti, mara nyingi alishamwona.

Walioingia bila kusikia, aliwafuata. Akisubiri fungu la mawimbi lipite, akijitupa, akitumia mkondo ule ule unaozamisha watu kumpeleka haraka kwa anayezama. Wapo waliookolewa wakaondoka hata bila kuuliza jina lake. Hesabu inayotajwa ni zaidi ya watu 500. Na katika miaka yote aliyokuwa zamu Waimea, hakuna hata mmoja aliyepotea. Mwaka 1971 alipewa tuzo ya mwokoaji bora wa mwaka. Kwa lugha ya uwanjani, kipa amecheza misimu karibu kumi bila kuruhusu bao, golini ambapo mipira inapigwa kutoka Aleutian.

DURBAN WALIMFUNGIA MLANGO

Mwaka 1972 Eddie alisafiri hadi Durban, Afrika Kusini, kushindana. Alikuwa nyota aliyealikwa. Hotelini wakamtazama rangi, wakamwambia hapati chumba. Ulikuwa wakati wa ubaguzi wa rangi, na sheria za nchi ziligawa hata mchanga wa ufukweni, huku weupe, huku weusi. Mtu ambaye kwao alikuwa anaingia majini kumtoa yeyote bila kuuliza ametoka wapi, alisimama mapokezi na begi lake, hana pa kulala.

Aliyemchukua alikuwa Ernie Tomson, mzungu wa Durban, akamweka nyumbani kwake. Ernie alikuwa na kijana wake anayecheza mchezo huo huo, Shaun. Eddie hakuusahau mlango uliofunguliwa, kama ambavyo hakuusahau uliofungwa.

Miaka michache baadaye deni hilo lilikuja kulipwa. Vijana wa Australia na Afrika Kusini, Shaun Tomson akiwemo, walivamia pwani ya Oahu na kuchukua ushindi. Baadhi ya Waaustralia wakaanza kujisifu magazetini kupita kiasi. Wahawaii, ambao mchezo huu ni urithi wa mababu zao, walikasirika. Msimu wa baridi wa 1976 mambo yakawa mabaya. Wayne Bartholomew, mmoja wa nyota wa Australia, alipigwa majini, na wageni wengine wakawa wanajificha hotelini wakiogopa kutoka.

Eddie hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini familia yake iliheshimiwa pande zote. Aliitisha kikao hotelini. Wenyeji wakatoa ya moyoni, wageni wakasikiliza, wakaomba radhi. Hasira haikuisha siku moja, ila hakuna aliyeuawa, na mwaka 1977 Shaun Tomson akawa bingwa wa dunia. Mpatanishi alikuwa yule yule aliyenyimwa chumba katika mji wa Tomson.

KOMBE LILILOCHELEWA

Kuna taji moja ambalo Eddie alilililia kwa muda mrefu, lile la mashindano yenye jina la Duke Kahanamoku, Mhawaii aliyechukua dhahabu za kuogelea kwenye Olimpiki na kuutembeza mchezo wa ubao duniani. Mdogo wake Clyde alilitwaa mwaka 1973. Eddie alikuwa anaingia, anakosa, anarudi. Katikati hapo nyumbani kulikuwa na msiba. Ndugu yao Gerald, aliyerudi salama kutoka vita vya Vietnam, alikufa kwa ajali ya gari. Eddie aliumia sana.

Kombe la Duke lilimfikia mwaka 1977. Alikuwa na miaka 31. Angeweza kutulia hapo.

USIKU WA MACHI

Wahawaii wakati huo walikuwa wanafufua jambo kubwa kuliko kombe. Walijenga Hokule'a, chombo cha mitumbwi miwili iliyounganishwa, chenye matanga, kama vile walivyosafiria wahenga wao. Mwaka 1976 kilikwenda hadi Tahiti bila dira wala vifaa vya kisasa, kikiongozwa na Mau Piailug, mzee wa bahari kutoka Micronesia, kwa nyota na kwa mawimbi. Kelele za watu zilizokilaki Tahiti ziliwarudishia Wahawaii kitu walichokuwa wameambiwa kimekufa.

Safari ya pili ilipangwa Machi 1978. Eddie aliomba, akachaguliwa. Hakuna heshima aliyoitaka zaidi ya hiyo. Alitunga hata wimbo kuhusu chombo hicho.

Machi 16 ikafika na upepo wake. Bahari ilikuwa imechafuka, na tahadhari kwa vyombo vidogo ilikuwa imetolewa. Mtu wa mnarani Waimea, siku kama hiyo, angepuliza filimbi na kuwatoa watu wote majini. Lakini ufukweni Honolulu umati ulikuwa umeshajaa, sherehe zimefanyika, mashada ya maua yako shingoni. Tarehe ilikuwa imetangazwa. Na kila anayejua mambo ya viwanjani anajua ugumu wa kuwaambia watu waliojaa kwamba leo hakuna mechi.

Hokule'a iliondoka jioni na watu 16. Hakukuwa na boti ya kuisindikiza. Walipoingia katika mlango wa bahari kati ya Oahu na Molokai, ambao hata siku njema una sifa ya ukorofi, maji yalianza kujaa katika mtumbwi mmoja. Chombo kikalala upande, kikashindwa kujiinua, na mnamo usiku wa manane kikapinduka. Usiku kucha watu waling'ang'ania juu ya mbao zilizogeuzwa, baridi inawala, mawimbi yanawapita kichwani. Redio haikuwasaidia kitu. Ndege zilipita juu asubuhi bila kuwaona, na mkondo ulikuwa unawasukuma mbali na njia za meli.

Eddie alikuwa na ubao wake. Aliomba aende kutafuta msaada kisiwani Lanai, mwendo wa kilomita 20 hivi, pengine zaidi. Nahodha mwanzoni alikataa. Hali za wenzao zilivyozidi kuwa mbaya, akamruhusu.

Kuna watakaosema alijua hesabu yake imekataa. Yeye kati ya wote alijua kusoma upepo, na upepo ule haukuwa wa kumbeba mtu juu ya ubao. Lakini pia ndiye pekee kati ya wote ambaye kazi yake kwa miaka kumi ilikuwa kutoka pale alipo na kwenda kwenye maji ambayo wengine wanayakimbia. Asubuhi ya Machi 17 alifunga kamba ya ubao mguuni, akachukua machungwa kidogo, akaanza kupiga kasia kwa mikono. Alipofika mbali kidogo wenzake walimwona akilivua jaketi la kujiokolea, kwa kuwa lilimzuia mikono. Wimbi likampandisha, likamshusha, wakamwona, wakamwona tena, halafu hawakumwona.

Usiku ule rubani wa ndege ya abiria ya Hawaiian Airlines aliona mwanga wa fataki za kuomba msaada, akazunguka, akatoa taarifa. Helikopta zikaja, wale waliobaki kwenye chombo wakaokolewa wote. Eddie alitafutwa kwa ndege na meli kwa siku kadhaa, msako mkubwa ambao visiwa hivyo havikuwa vimeuona kabla yake. Hata ubao haukupatikana.

Aprili 1 watu walikusanyika Waimea kumuaga. Hakukuwa na mwili wa kuzika. Familia iliyotunza makaburi ya watu wengine kwa miaka yote hiyo haikuwa na kaburi la kumtunzia mtoto wao.

TAREHE HAINA MAMLAKA

Baada ya hapo mambo mawili yalibadilika. Hokule'a haikuruhusiwa tena kwenda safari ndefu kienyeji. Ilipokwenda Tahiti mwaka 1980, ilikuwa na mafunzo ya muda mrefu nyuma yake na boti ya kuisindikiza. Aliyeiongoza ni Nainoa Thompson, mmoja wa wale waliokuwa wameng'ang'ania mbao usiku ule. Kabla ya kung'oa nanga walisubiri hali ya hewa, na safari hii umati haukuwa na kura.

La pili ni mashindano. Yalianza mwaka 1984, mara ya kwanza yakifanyika Sunset Beach, kisha yakahamia Waimea, na mshindi wa kwanza pale alikuwa Clyde, mdogo mtu. Utaratibu wake ni huu: dirisha linafunguliwa Desemba, linafungwa Machi, na ndani ya miezi hiyo inatafutwa siku moja tu. Waandaaji wanaangalia ramani za dhoruba, wanafuatilia boya la kupimia mawimbi lililoko baharini kaskazini-magharibi ya Kauai, ambalo linapotikiswa Waimea inakuwa na saa chache tu za kujiandaa. Ukubwa utoshe, mwelekeo uwe sawa, upepo ukubali, na vyote vidumu mchana kutwa. Kimoja kikikosekana, hakuna.

Na hawatanii. Februari 10, 2016, wachezaji walikuwa wameshasafiri kutoka pande zote za dunia, maelfu wamelala barabarani ili wapate nafasi ya kuona. Alfajiri mawimbi hayakufika kipimo. Yakafutwa. Hakuna aliyesukumwa majini eti kwa sababu watu wamefika. Siku 15 baadaye, Februari 25, dhoruba nyingine ilileta mzigo kamili na John John Florence akashinda. Januari 2023 ilitokea hivyo hivyo, tarehe 11 iliyotangazwa ikafutwa, yakafanyika tarehe 22. Tangu mwanzo hadi mwisho wa 2024, miaka 40 na ushee, yamefanyika mara 11 tu.

Lile la Januari 2023 lilikuwa na mshindi ambaye hata mwandishi wa filamu angeogopa kumbuni. Luke Shepardson hakuwa amechukua likizo. Ni mwokoaji wa ufukweni, na siku hiyo alikuwa zamu palepale Waimea. Aliomba mapumziko kazini, akaingia majini, akateleza, akatoka, akavaa sare, akarudi mnarani kuangalia watu. Zamu yake ya kushindana ilipofika tena, akaomba tena. Walipojumlisha alama, mabingwa wa dunia walikuwa nyuma yake.

Alipotangazwa bingwa, kazi ya mchana ilikuwa bado haijaisha.